Sanduku la spana la ami linageuzwa la vepu: nilipofikia

Jumamosi mchana

Leo ndo nimeanza kwa ukweli. Vitu vyangu vyote vya vepu, yaani sigara ya umeme, nimevitoa mafichoni, vya droo ya jikoni, vya begi la kazini, vya kwenye gari na vile vya mkebe wa Blue Band nyuma ya tivii, nikavimwaga kwenye meza ya kulia. Mke wangu kapita, kaangalia, kaniuliza, "Kwani tunafungua duka?" Nikanyamaza manake kweli ilikuwa kama duka, tena duka bovu. Chupa za juisi hazina lebo, koili mpya (vile viwaya vinavyopata moto na kuchemsha juisi) zimelala na zilizoungua, betri zinagusana na funguo, pamba pakiti iko wazi inakula vumbi, waya zimejifungua kwenye bobini zikashikana, na o-ringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja, za saizi zote ziko kwenye kifuko kimoja na misumari ya kuning'inizia picha, sijui ilifikaje huko.

Mpango wenyewe ni rahisi. Sinunui vijisanduku vya plastiki, manake stoo kuna sanduku la spana la ami yangu, lile la chuma la bluu, ukilivuta mishikio linafunguka pande mbili na trei zinapanda ngazi ngazi, chini uvungu mkubwa. Alinipa siku alouza gari lake la mwisho, akaniambia chukua mwanangu, mie mgongo ushakataa. Tangu hapo limekaa tu linakula kutu. Trei za juu zitabeba koili, waya na o-ringi, za chini vifaa vya kufungulia, uvungu utabeba matangi ya juisi na modi, ile bodi ya vepu inayobeba betri. Betri na nikotini zina mambo yake, hizo ntazieleza.

Ila kabla hujaingiza kitu lazima utoe vilivyomo, na hapo ndo mchana wangu wote ulipoishia.

Trei ya kwanza nimekuta plagi kuukuu zimefungwa na karatasi ya gazeti, platini za distributa (ncha zinazokata na kuunga umeme wa kuwashia plagi), kondensa, na katikati yake vipande vya kadi vimekatwa vizuri kwa mkasi, vina alama za vidole vya grisi. Nikavitambua hapo hapo. Ni pakiti za sigara! Ami alikuwa na filagaji nzuri tu, vile visu vyembamba vya kupimia nafasi, lakini gari likizimika njiani nayo imebaki nyumbani, anachana ubavu wa pakiti anaupitisha kati ya zile platini, ukipita kwa kubana kidogo anakaza skrubu, basi. Kwa Peugeot 504 nafasi inayotakiwa ni kama milimita 0.4, na kadi ya sigara ilikuwa inakaribia hapo kiasi cha gari kuwaka na kukufikisha. Ukifika nyumbani ndo unapanga upya kwa filagaji. Na ile karatasi ya fedha ya ndani nayo haitupwi, fiuzi ikikatika inazungushiwa karatasi ya fedha na taa zinawaka. Hili la fiuzi mimi silitetei, fiuzi imekatika kwa sababu, ukishaiziba hivo kitakachoungua baadaye ni waya wenyewe ndani ya dashibodi. Lakini ndo mambo ya siku hizo, pakiti moja ya sigara ilikuwa moshi, filagaji na fiuzi.

Jumamosi usiku

Bado niko kwenye kutoa. Niseme tu ilikuwa wapi manake bila hivo haieleweki. Gereji ya ami ilikuwa Changamwe, chini ya mwarobaini, upande ambao upepo ukigeuka unapata harufu ya kile kiwanda cha kusafishia mafuta. Haikuwa na geti wala jina. Sisi watoto wa shule tukitoka tunapitia pale, kazi yetu kushika tochi, kufua nati kwenye mafuta ya taa na kutumwa chai. Ami anasafisha karabureta kwenye sahani imejaa petroli, sigara iko mdomoni inawaka, afu anatugeukia sisi, "Nyie watoto msiguse kiberiti!" Hakuna aliyeona ajabu.

Gari zilizokuwa zinakuja sana ni Datsun 1200 pikapu, Kombi mojamoja, na Peugeot 504. Hii 504 ndo ilokuwa mfalme pale. Ilianza kutengenezwa Ufaransa 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka la Ulaya, huku kwetu ikaunganishwa hapa hapa Kenya na ikashinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Wazee wa pale walikuwa wanabishana Pasaka nzima, wa Datsun wanamtaja Shekhar Mehta alivyochukua 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo, wa Peugeot wanajibu sawa, lakini mpakie watu wanane na magunia ya nazi kwenye Datsun tuone. Na hapo walikuwa na haki, zile steshen wageni za 504 zilikuwa zinabeba abiria wa masafa na mizigo juu, na ilikuwa haivunjiki kirahisi.

Ugonjwa wake mmoja naukumbuka mpaka leo, kwa sababu uvunguni mwa sanduku nimekikuta kile kipuri chenyewe, kabrashi ka kaboni kadogo kameliwa nusu. Ni ka feni. Feni ya 504 haizunguki kwa nguvu muda wote, kuna swichi ya joto kwenye rejeta, maji yakifika moto fulani inapeleka umeme kwa hako kabrashi, kanagusa pete nyuma ya puli, sumaku inavuta, feni inashikana na puli na kuanza kuvuta hewa sawasawa. Ukitulia unaisikia ikishika, inatoa mlio wake. Sasa kabrashi kakiisha, au chumvi ya pwani ikila waya, feni inajizungukia kivivu tu na dereva hana habari, mjini anaenda vizuri, akianza kupanda Mazeras na mzigo ndo anaona mvuke. Hedi yake ni ya aluminiamu, bloku chuma, laina za silinda zinakaa ndani ya maji, ukiichemsha mara moja tu vibaya gasketi imekwenda na pengine hedi imepinda. Mafundi wengine walikuwa wanamaliza shida kwa kukaza feni ishikane na puli moja kwa moja, izunguke daima. Ami alikuwa hapendi kabisa. Alikuwa anasema unamuibia mwenye gari petroli yake kila siku ili wewe usisumbuke nusu saa. Alikuwa anachukua taa ndogo na waya mbili, anapima umeme umefika wapi, kabrashi kakiwa kamekwisha anakachonga kutoka kabrashi ka dainamo kubwa kwa kusugua kwenye msasa mpaka kaingie. Nilikuwa nashika tochi, napigwa kofi la kichwa tochi ikihama.

Sanduku limekwisha kutolewa. Chini pana kutu kweli kweli.

Jumapili

Msasa, brashi ya waya, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, imekauka haraka kwa jua hili. Pwani ukiacha chuma wazi mwezi tu, hewa yenyewe inakula. Baada ya hapo nikakata tyubu kuukuu ya tairi ya lori, nikatandika trei zote na uvungu kwa gundi. Hio si mapambo. Sanduku ni la chuma na betri za vepu hazitakiwi zione chuma.

Niseme kuhusu betri manake ndo sehemu watu wanafanya mchezo. Zangu ni zile 18650, jina lake ni vipimo tu, unene milimita 18, urefu 65. Zikijaa ni volti 4.2. Watu wanafikiri hasi iko chini peke yake, kumbe gamba lote la pembeni ni hasi, mpaka juu kwenye ukingo karibu kabisa na chanya, kinachotenganisha ni kile kiplastiki chembamba cha nje na kapete ka karatasi juu. Plastiki ikichanika pale juu, ukaitia mfukoni na funguo au shilingi, umeshaunganisha chanya na hasi na hakuna fiuzi ya kukuokoa, hata ya karatasi ya sigara. Inatoa moto na gesi. Kwa hiyo leo nimezikagua zote kwenye mwanga, zilizochanika kidogo nimezivua nikazivalisha plastiki mpya ya kusinyaa kwa joto, nimetumia mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu kwa mbali, na moja iliyokuwa na mbonyeo nimeitoa kabisa, hio haivalishwi upya wala haichajiwi. Zinazofanya kazi mbili mbili kwenye modi moja nimeziandika herufi kwa kalamu ya maka, A na A, B na B, zichajiwe pamoja, zitumike pamoja, zizeeke pamoja. Kila jozi kwenye kiboksi chake cha plastiki, ndo inaingia sandukuni. Zitakazolala bila kazi sitazijaza, naziacha kwenye volti 3.7 hivi.

Kupima nimetumia mita ile ile ya njano ya ami, ya kupimia betri za magari. Betri ya gari iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa, gari likiwaka altaneta ikifanya kazi unatakiwa uone 14 na pointi kidogo, chini ya 13 unaanza kufungua. Hizi namba nilizijua kabla sijajua fomula yoyote ya fizikia shuleni.

Jumanne jioni

Nimerudi kazini nimechoka lakini koili nimezimaliza.

Zilizoungua zote pipani. Zilizobaki nimezipima ohmu na kuziandika kwenye kikaratasi. Zile natengeneza mwenyewe natumia waya wa Kanthal, ule wa kupata moto, wa geji 26, unene wake ni kama milimita 0.4, na kwa kuzungushia nimerudi kwenye sanduku la ami, biti ya drili ya milimita 3. Mizunguko sita pamoja na miguu inanipa kama ohmu 0.84, nikifunga mbili sambamba mita inasoma karibu 0.42. Sasa chukua volti 4.2 ya betri iliyojaa gawa kwa 0.42 unapata ampia 10, betri zangu ni za ampia 20, niko salama na nafasi inabaki. Yule anayejisifu ana koili ya 0.15 kwenye bomba la chuma lisilo na saketi ya kujilinda, hebu agawe mwenyewe aone, ni ampia 28, na betri aliyonayo pengine hata hajui ni ya ngapi. Mie sina hamu na mawingu makubwa. Nataka koo linyamaze nisirudi kwenye pakiti ya sigara.

Matangi nimeyafungua yote nikaosha kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo kidogo, nikasuuza nikaacha yakauke usiku. Vitundu vya hewa vilivyoziba nimevipuliza kwa mdomo. Hii nayo ni ya gereji, jeti ya karabureta, kile kitundu cha kupimia petroli, haichokolewi kwa waya, ukichokoa unaipanua na gari linaanza kunywa petroli, jeti unailoweka na kuipuliza. Kuna kijana mmoja pale alichokoa jeti kuu ya Datsun kwa sindano ya kushonea, nafikiri alipandishwa cheo cha kuosha nati mwaka mzima.

O-ringi zimeingia kwenye vifuko vidogo kwa saizi. Sina la kusema zaidi kuhusu o-ringi.

Alhamisi

Juisi leo, na hapa mke wangu ndo amekuwa mkaguzi mkuu, na amefanya vizuri.

Nachanganya mwenyewe kwa mizani. Chupa ya mililita 100, asilimia 70 ni VG, ile gliserini ya mboga nzito inayotoa mvuke, 30 iliyobaki ni PG, propilini glaikoli, nyepesi, inayobeba ladha, na ndani ya hizo 30 kuna ladha yenyewe na nikotini. VG mililita 70 ni kama gramu 88, manake ni nzito kuliko maji. Nikotini yangu ya chupa ni ya miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo nikitaka juisi ya miligramu 3 natia mililita 3 tu. Tatu. Ndo maana hii chupa si ya mchezo, kidogo tu ikimezwa na mtoto ni hatari ya kweli, na hata ngozi inainyonya, kwa hiyo glavu za nitrili, na meza inafutwa, na hakuna kuchanganyia jikoni karibu na chakula.

Inaharibiwa na joto, mwanga na hewa, inakuwa kahawia na kuwasha koo. Wataalamu wanasema weka kwenye friji. Mke wangu akasema friji ya maziwa ya watoto wangu haiingii sumu, akamaliza. Sikubishana. Nimehamishia kwenye chupa ndogo za kioo cheusi zilizojaa mpaka juu hewa isipate nafasi, zimeingia kwenye sanduku la chuma la pesa lenye kufuli, limekaa sakafuni mwa stoo ambapo jua halifiki hata Februari, ufunguo uko juu. Na nitanunua kidogo kidogo badala ya kuhifadhi. Kwenye sanduku la ami inaingia juisi iliyokwisha changanywa tu, nalo litakaa juu ya kabati, na kila chupa ina lebo: ladha, nguvu, tarehe.

Ladha nimetupa kadhaa. Zile za siagi na kastadi ambazo hazisemi kama zina dayasetili, ile kemikali ya ladha ya siagi isiyofaa mapafu, zimekwenda. Na kuna jamaa aliniambia nijaribu mafuta ya karafuu, eti pwani tunayo bure. Hapana bwana. Chochote cha mafuta hakiingii kwenye mapafu, ladha inatakiwa iyeyuke kwenye PG au VG. 2019 kule Marekani watu wengi waliumia mapafu na wengine kufa, uchunguzi ukaonyesha vitamini E asetati, kitu cha mafuta, iliyokuwa imetiwa zaidi kwenye juisi za bangi. Na hata hii yangu safi mie siiiti dawa. Nimeipokea badala ya pakiti kwa siku, na nguvu naishusha, nilianza na 12 sasa niko 3. Asiyevuta asianze, sina maneno mengine hapo. Binamu yangu dereva wa trela naye alitaka nimtengenezee seti, nikamkumbusha njia yake ni ya Kampala, na Uganda sheria yao ya tumbaku ya 2015 imepiga marufuku hivi vitu kabisa. Akasema basi nitafute bigijii.

Jumamosi tena

Ami amekuja. Nilimwambia kwa simu tu kwamba sanduku lake nimelipaka rangi, asubuhi nasikia mlango.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Liko wapi?"

Hata chai hakutaka kwanza. Akakaa, akalivuta mishikio, trei zikapanda, akaangalia kimya kwa muda. Afu kitu cha kwanza alichouliza ni filagaji yake. Nikampa, nilikuwa nimezihifadhi zake zote kwenye mkebe. Akaifungua visu vyake kimoja kimoja akivipangusa na shati.

Akashika koili moja, akaisogeza dirishani, akavaa miwani. "Hii si hita plagi ya dizeli hii?" Nikamwambia hapo umepata ami, ni waya unapata moto, tofauti hapa unachemsha juisi badala ya kupasha silinda. Akataka mita. Akapima mwenyewe zile mbili zilizofungwa sambamba, 0.43, akauliza inatakiwa ngapi, nikamwambia 0.42, akasema basi kuna mguu haujakazwa vizuri. Nikakaza. Ikasoma 0.42. Sitaki hata kuandika alivyonitazama.

Yeye sigara aliacha zamani, daktari alimwambia achague, sasa anatembea na karafuu mfukoni anatafuna. Akauliza hiki kimvuke changu kinaniua au hakiniui. Nikamwambia ukweli, kwamba wataalamu wengi wanaona ni nafuu kuliko moshi lakini si salama, na nikotini bado imenishika. "Kwa hiyo umetoka jela umeingia rumande," akasema, afu akaomba chai.

Kasoro alizoziona: nimeweka modi nzito upande mmoja, ukifungua trei zote sanduku litalalia upande huo, zigawe. Bawaba moja ina riveti iliyolegea, hio mie sikuiona kabisa. Na lachi ya mbele inataka mafuta, si rangi juu ya rangi. Mizito nimeigawa hapo hapo, lachi nimetia mafuta, riveti ameniambia nisiikaze kwa nyundo, itolewe kwa drili iwekwe mpya.

Nilipofikia ni hapo. Koili, waya, pamba, matangi na betri ziko mahali pake, juisi zina lebo isipokuwa zile tatu za embe ambazo ninazisubiri zitulie ndo nijue nguvu ya ladha. Kilichobaki ni riveti, na kutafuta pa kuweka spana zenyewe, manake sasa ziko kwenye ndoo mlangoni na mke wangu ameshaniuliza zinakaa pale mpaka lini. Ami amesema tusizigawe bado. Kuna mtu Likoni ana pikapu ya 504 imesimama, feni haishiki na karabureta inavuja, na wale vijana aliowaita wanataka kumng'olea injini nzima wamtilie ya Toyota. Ameshachukua filagaji, jeti na hako kabrashi. Jumapili tunavuka feri, mie nabeba ndoo.